Mazishi ya Kila Asubuhi Kwenye Lango la Tozo

Jumatatu, 2 Machi

Lango la tozo limeanza kazi leo saa kumi na mbili asubuhi. Aliyetangaza ni msimamizi wa lango mwenyewe, mama mmoja mfupi mwenye kofia, sare yake imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Nimepita saa kumi na mbili na dakika tisa. Nimelipa. Amenipa risiti. Nimemwambia siihitaji. Amesema risiti si ya kuhitaji, ni ya kupewa. Tangu hapo namwita Afande Risiti. Kimoyomoyo, kwa sasa.

Takwimu, maana mimi ni msoma mita za maji na siandiki nisichokisoma kwa macho yangu. Nyumbani hadi mjini kwa barabara mpya: dakika kumi na nne. Kwa barabara ya zamani: saa moja na dakika kumi na nane, mashimo mia mbili na sita, madaraja mawili, moja la kubahatisha. Nilipohamia hapa kulikuwa na nyumba tisini. Leo nasoma mita mia nane na kumi na mbili, bila kuhesabu waliojiunganishia wenyewe. Watu wote hao wanataka kufika mjini asubuhi ileile. Kwa hiyo barabara ilihitajika. Hilo nalikubali. Nisilolikubali ni kuilipia.

Mke wangu anaishangilia. Sababu yake ni moja: mama yake. Mama mkwe anaishi nasi na moyo wake si mzima. Daktari alisema mbele yangu kwamba siku kifua kitakapombana, awe amefika hospitali ndani ya saa moja. Barabara ya zamani haifiki. Mpya inafika mara nne na dakika nne zinabaki. Mke wangu amesema hiyo ndiyo hesabu pekee anayoitaka ndani ya nyumba hii.

Jioni nimeunda Kamati ya Waathirika wa Tozo. Wajumbe watatu. Mwenyekiti, mimi, mwenye kigari cha kijivu. Katibu, mwalimu wa uraia tunayepakana naye ukuta, mwenye gari dogo la bluu. Mjumbe, shemeji yangu seremala, kaka wa mke wangu, mwenye pikapu. Tumekaa sebuleni tumeinamisha vichwa, tukifikiria. Mama mkwe amepita, akatutazama mmoja mmoja, akauliza kama kuna msiba.

Jumanne, 3 Machi

Nimepeleka barua ya malalamiko langoni. Afande Risiti ameipokea, ameigonga mhuri, amenipa risiti ya barua. Nilipokuwa nasubiri mhuri ukauke nimesoma ubao wa viwango kuanzia juu hadi chini. Nadhani ni mimi wa kwanza. Chini kabisa, herufi ndogo: hawalipi magari ya wagonjwa, zimamoto, na msafara wa mazishi, usiopungua magari matatu, taa zikiwa zimewashwa. Msafara wa harusi, nusu. Harusi hainihusu, nilishaoa.

Magari matatu. Wajumbe watatu.

Nimeitisha kikao cha dharura kwenye karakana ya shemeji. Mwalimu amesema jambo hili ni kinyume cha kila kitu anachofundisha darasa la saba. Amesema pia kosa lilianza kwao, maana siku tozo ilipoanza, gari la kuziba mashimo lilitoweka kwenye barabara ya zamani. Tumeachiwa njia mbadala kwenye karatasi, ardhini tumeachiwa handaki. Nikamwambia ndiyo hoja yangu. Akasema hoja ni nzuri, mbinu ni ya aibu. Kisha akauliza tunaondoka saa ngapi.

Shemeji amesema jeneza hana, hatengenezi, anaogopa. Lakini ana kabati la nguo la kumfikishia mteja mjini kesho. Likilazwa chali na kufunikwa kitambaa cheusi, nani atajua? Kitambaa cheusi ni pazia la chumbani kwetu. Shada ni maua ya plastiki ya juu ya televisheni. Taa ya kushoto ya gari la mwalimu ilikuwa haiwaki, imewekewa balbu. Kila kitu kiko tayari.

Jumatano, 4 Machi

Tumepita. Bure.

Saa kumi na mbili na robo, mwendo wa kinyonga, taa zimewaka. Pikapu katikati, mimi mbele, mwalimu nyuma akiwa na miwani ya jua ambayo hakuihitaji. Afande Risiti ametoka kibandani. Amevua kofia. Sikutegemea avue kofia. Ameinama dirishani kwangu akauliza kwa sauti ya chini ni nani aliyetutoka.

Hilo hatukuwa tumeliandaa. Nyuma yangu malori saba, mbele yangu macho yake. Nikasema mama mkwe. Lilikuwa jina la karibu zaidi mdomoni, kwa sababu nusu saa kabla ya hapo mama mkwe alikuwa ameniambia, mbele ya watoto, kwamba nimevaa shati nje ndani. Na nilikuwa nimelivaa nje ndani.

Afande Risiti ameandika kwenye Daftari la Misamaha: tarehe, saa, namba za magari matatu, marehemu ni nani wa nani. Amesema, "Pole sana, mwanangu. Mama ni mama." Kizuizi kimepanda.

Dakika kumi na sita hadi mjini, mbili zaidi kwa sababu ya heshima. Kabati limefika saa moja kasoro. Mteja amelalamika kwamba lina ua la plastiki kwenye kitasa.

Jioni tumerudi kwa barabara ya zamani, maana mazishi hayarudi. Saa moja na dakika ishirini. Sijapiga hesabu ya faida bado.

Marehemu hajaarifiwa.

Alhamisi, 5 Machi

Mazishi ya pili. Shemeji ameleta kitanda cha futi sita kwa sita. Pazia halikutosha, mguu mmoja wa kitanda ulichungulia. Nimemwambia tulikubaliana kitu cha umbo la binadamu. Amesema wateja hawaagizi umbo la binadamu, wanaagiza vitanda.

Afande Risiti amezunguka pikapu polepole. Amesema jana marehemu alikuwa mwembamba. Nimeeleza kwamba mazishi ya jana yaliahirishwa kwa ajili ya ndugu wa mbali, na kwamba jeneza limebadilishwa baada ya mabishano ya familia. Amesema familia ndivyo zilivyo, kwao waligombania mpaka misumari.

Kisha akaniuliza alikuwa mtu wa namna gani.

Madereva wakaanza kupiga honi. Ameinua kiganja bila kugeuka, honi zikakoma. Akasubiri. Ikabidi niseme kitu, na sikuwa na uongo uliobaki. Nikasema alikuja kwetu na mkoba mmoja na fedha za shamba alilouza, na bati tulilolala chini yake leo ni shamba lile. Nikasema nilipovunjika mguu kwenye shimo la mita alinilisha miezi miwili, na tangu nipone hajawahi kulitaja. Nikasema ananisahihisha mezani kila siku, na mara nyingi huwa sahihi. Nimeliangalia hilo kwa miaka kumi na moja. Mara nyingi.

Koo limenikauka. Nimesingizia vumbi, nikakumbuka kwamba barabara hii haina vumbi.

Afande Risiti amejifuta jicho kwa karatasi ya risiti.

Ijumaa, 6 Machi

Mazishi ya tatu. Meza ya chakula na viti sita, miguu juu. Chini ya pazia ilionekana kama marehemu amefariki akiwa na ng'ombe.

Habari imevuja. Nilipotazama kioo cha nyuma nimehesabu magari kumi na moja, yote taa zimewaka. Fundi cherehani wa mtaa wa pili, ambaye sijawahi kumwalika popote, alikuwa wa tano, amejitanda khanga nyeusi, analia kwa ufundi. Wa tisa alikuwa amefungulia muziki. Nimemtuma mwalimu akamzimishe. Mwalimu amerudi akisema kijana yule anadai marehemu aliupenda wimbo huo.

Afande Risiti amehesabu magari, akatikisa kichwa, akasema marehemu alikuwa na watu. Kisha amenipa bahasha. Rambirambi za wafanyakazi wa lango, zamu ya asubuhi na ya jioni. Pamoja na sukari kilo mbili. Nimekataa. Amesema pole haikataliwi. Nimepokea. Safari hii hakunipa risiti. Nimegundua kwamba hilo limenilemea kuliko bahasha yenyewe.

Aliuliza nyumba ya msiba iko wapi, wangependa kufika. Nikasema ni mbali, ni ndani ndani, njia ni mbaya. Mwalimu, ambaye havumilii maelezo yasiyokamilika, amesogea dirishani akaelekeza: kushoto kwenye nguzo ya tatu, lango la kijani, tangi la maji uani, mlango hauna kengele, gonga kwa nguvu.

Nimemuuliza kwa nini. Amesema mtu akiuliza njia huonyeshwa.

Jumamosi, 7 Machi

Wamekuja saa tatu asubuhi. Wanne, nguo za heshima. Afande Risiti bila sare ni mfupi zaidi.

Tangu alfajiri nilikuwa nimejaribu kumtoa mama mkwe nyumbani. Nilimwambia shemeji angependa kumwonyesha karakana. Akasema anaijua karakana, yeye ndiye aliyemnunulia mwanawe. Nilimwambia hewa ya asubuhi ni nzuri kwa moyo. Akasema basi nifungue dirisha. Mke wangu alikuwa sokoni. Mlango ulipogongwa nilikuwa uani, nyuma ya tangi, na dirisha lilikuwa wazi kama lilivyoagizwa. Nimesikia yote. Nayaweka hapa kama yalivyosemwa.

Mama mkwe amewapokea, wakamwamkia, akawaketisha. Wakasema wamekuja kumpa pole Mzee wa Mita, ndiye mimi, kwa kufiwa na mama mkwe wake, mbali na bahasha na sukari walizompa jana langoni.

Kiti chake kikalia.

"Mama mkwe yupi?" akauliza. "Maana mimi nilidhani anaye mmoja."

Afande Risiti akasema ni huyohuyo mmoja, aliyezikwa wiki hii, kwa taabu, siku tatu mfululizo.

"Siku tatu," mama mkwe akasema. "Alikuwa mbishi?"

"Hapana, mama. Mkwe wake alimsifu sana."

"Alimsifu. Huyu wa kwetu? Alisemaje?"

Afande Risiti ana kumbukumbu kama daftari lake. Amesema yote, kwa mpangilio, bila kupunguza neno. Mkoba mmoja. Shamba na bati. Mguu na miezi miwili. Kwamba husahihisha mezani na mara nyingi huwa sahihi. Nyuma ya tangi nilikuwa natazama mita yetu. Namba ya mwisho ilikuwa inazunguka polepole. Bomba la jikoni linavuja mahali.

"Alisema 'mara nyingi'?" mama mkwe akauliza.

"Alisema, mama. Koo likamkauka."

Kisha nikasikia vikombe.

"Basi kaeni mnywe chai. Marehemu ni mimi."

Kuna aliyeangusha kijiko. Mama mkwe hakungoja kiokotwe. Akapaza sauti kuelekea dirishani, taratibu kabisa: "Mkwe, toka huko nyuma ya tangi uje usalimie wageni. Na uje na rambirambi zangu."

Nimetoka. Nimeileta bahasha kutoka kwenye kisanduku cha mita nilikoificha. Mama mkwe ameipokea kwa mikono miwili na kumrudishia Afande Risiti kwa mikono miwili. Akamwambia sukari haitarudi, wameshainywa.

Afande Risiti hakufoka. Nilijiandaa kwa kufoka. Amesema mwaka jana alimzika mama yake. Akasema, "Mimi nilivua kofia." Akanywa chai yake akamaliza, kwa adabu, akashukuru, akaondoka.

Ningependelea faini.

Jumapili, 8 Machi

Mke wangu haongei nami. Pazia limerudi dirishani likiwa na harufu ya vanishi. Mama mkwe hajasema lolote kuhusu msiba wake. Asubuhi amenikatia kipande cha pili cha mkate bila kuombwa. Shati limekaguliwa. Lilikuwa sawa.

Jumatatu, 9 Machi

Faini imekuja. Barua ya kampuni ya barabara, imeletwa kwa mkono, nimetia saini, nimepewa risiti. Magari matatu yaliyoandikwa kwenye Daftari la Misamaha yamefungiwa. Kamera ikisoma namba zetu kizuizi hakitapanda mpaka tulipe safari zote pamoja na adhabu. Waliokuwa wa nne na kuendelea hawakuandikwa. Fundi cherehani amepita leo akilipa kama mtu mwema.

Mwalimu amelipa kabla ya saa sita. Amesema ni wajibu wa raia. Shemeji amelipa saa nane. Amesema ana sofa za kupeleka. Kamati imebaki na mwenyekiti.

Mke wangu amevunja kimya chake ili aniambie nilipe leo. Nimesema nitakata rufaa, nina siku kumi na nne, ni suala la msimamo. Ameuliza moyo wa mama yake umekubali siku kumi na nne au nimeamua kwa niaba yake. Sikuwa na takwimu.

Nimekwenda kazini kwa barabara ya zamani. Saa moja na dakika ishirini na mbili. Mashimo mia mbili na tisa, matatu mapya. Nimewapita kina mama wauza mboga wakitembea na mizigo kichwani. Zamani walikatiza moja kwa moja hadi sokoni kwa robo saa. Sasa barabara mpya imewakatia njia, kivuko cha juu kiko kilomita mbili upande wa chini, wanazunguka. Mmoja wao amenitambua. Ameniuliza kama kwenye yale mazishi yangu kulikuwa na nafasi ya kuwazika na wao, maana wanachoka.

Nimetoa kalamu nikaandika hilo. Ni hasara ya kweli, na Kamati yangu haikuwa imeitaja hata kwa mstari mmoja. Nitaitia kwenye rufaa.

Jumanne, 10 Machi

Saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi mama mkwe ameshika ukingo wa meza.

Nilikuwa nimevaa shati nje ndani. Amenitazama na hakusema kitu. Ndivyo nilivyojua.

Dakika nne baadaye tulikuwa garini. Mama mkwe mbele, mke wangu nyuma amemshika mabega. Kwenye njia panda nilikata kona kuelekea barabara ya zamani, mkono ulikwenda wenyewe. Mke wangu akasema, "Lango." Nikasema tumefungiwa. Akasema, "Lango," vilevile, sauti ileile. Nikageuza.

Saa kumi na mbili na dakika arobaini na nane. Kamera imesoma. Taa nyekundu. Kizuizi hakikutikisika. Afande Risiti ametoka kibandani na barua ya kampuni mkononi, tayari kunisomea. Kisha akaona aliyekaa kiti cha mbele.

Nilifungua mdomo. Yule niliyemzika mara tatu ndiye aliyesema. Alisema polepole, akipumua kati ya neno na neno, "Mwanangu. Safari hii mkwe hatanii."

Afande Risiti hakuuliza jina. Ameitupa barua, amechomoa pini ya kizuizi, ameweka bega chini ya bomba na kusukuma. Ni mtu mfupi. Bomba lilipanda nusu. Madereva wawili wa malori wameshuka wakaongeza mabega yao. Tulipopita chini yake nilimsikia kwenye redio akiwaambia wa lango la mjini waache njia ya kulia wazi, kuna mgonjwa, gari la kijivu, dereva ni yule yule.

Saa moja kamili tulikuwa mlangoni pa hospitali. Dakika ishirini tangu aishike meza. Wamempokea kwa kiti cha magurudumu, mlango ukafungwa. Tumekaa kwenye benchi. Mke wangu ameniegemea. Saa nne daktari ametoka akasema amevuka. Amesema mmewahi. Ameuliza tunakaa wapi. Nilipomtajia kitongoji amesema miezi sita iliyopita aliletewa mzee wa hukohuko kwa njia ya zamani. Hakumalizia.

Saa moja na dakika ishirini na mbili. Mashimo mia mbili na tisa. Nimeyahesabu mwenyewe, jana, kwa msimamo.

Jumatano, 11 Machi

Amekaa kitandani. Ameomba miwani. Ameivaa, akanitazama juu hadi chini, akasema shati.

Nimekwenda chooni nikaligeuza. Sijawahi kuligeuza shati kwa furaha namna hii.

Namshukuru daktari. Nawashukuru madereva wawili wa malori, mmoja alikuwa wa saruji, mwingine sikuona. Namshukuru aliyeichora barabara hii ikanyooka, na hata aliyeipangia bei, ingawa kwa huyo shukrani zangu ni nusu. Namshukuru mke wangu kwa neno moja alilolisema mara mbili.

Kutoka hospitali nimekwenda moja kwa moja langoni. Nimelipa safari zote na adhabu yote. Afande Risiti amehesabu, amegonga mhuri, amenipa risiti. Nimeikunja nikaiweka kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo. Nimemwomba radhi kwa ajili ya kofia. Amesema sare ina kofia ya kuvua na kuvaa, nisiumize kichwa. Ameuliza mama anaendeleaje. Kisha amefungua Daftari la Misamaha akanionyesha mistari. Jumatano, marehemu. Alhamisi, marehemu. Ijumaa, marehemu. Jumanne, mgonjwa. Kwa mujibu wa kumbukumbu rasmi za barabara hii, mama mkwe alifariki mara tatu, ndipo akaugua.

Ofisi imemtaka aeleze kwa maandishi kwa nini aliinua kizuizi kwa mkono kwa gari lililofungiwa. Nimejitolea kumwandikia maelezo. Amesema anashukuru, lakini angependa yaandikwe na mtu anayeaminika. Mwalimu ameyaandika jioni hii. Nimezunguka nyumba kwa nyumba, mita kwa mita, nikikusanya saini za kumtetea. Mia tatu na arobaini kabla ya giza. Hata mbwa wa nyumba namba sitini, ambaye huniuma kila mwezi, leo amenusa tu. Shemeji ameanza kumtengenezea Afande Risiti kiti chenye mgongo, maana tumegundua kwamba kibandani anakalia kreti.

Kamati imefufuka, wajumbe wote wamerejea. Madai sasa ni mawili: kivuko cha watembeao pale kina mama walipokuwa wakikatizia, na mgonjwa asisimamishwe hata akija kwa baiskeli. 

Alhamisi, 12 Machi

Kampuni imesema madai yetu itayajibu tarehe 30. Pia imemwandikia Afande Risiti kwamba maelezo yake yamepokelewa na suala limefungwa. Amenionyesha. Barua ilikuwa haina mhuri. Imemuudhi.

Mama mkwe ataruhusiwa keshokutwa Jumamosi saa nne asubuhi, kwa mujibu wa daktari wa zamu. Arudi taratibu, bila kurushwarushwa. Kwa hiyo barabara mpya, kwenda na kurudi.

Nimemuahidi mke wangu, nimeshika mkono wake, kwamba ujanja umekwisha. Hakuna tena mazishi. Nimemaanisha. Nimekirudisha kisanduku cha mita mahali pake na nimeziba bomba la jikoni. Mama mkwe amenipa mkono wodini akasema yale niliyoyasema langoni ningeweza kumwambia yeye mwenyewe, asingeumwa. Nikasema ningejaribu. Akasema hapana haraka, sasa anayajua.

Nina bahati kuliko ninavyostahili. Naliandika hili ili lisomeke.

Leo jioni nimepita langoni, nikalipa, nikasubiri risiti kwa hiari yangu. Karatasi ilikuwa imekwama kwenye mashine. Nikasoma ubao.

Msafara wa harusi, nusu. Siku za Jumamosi. Magari matatu, mapambo yaonekane.

Mama mkwe anatoka Jumamosi. Magari yetu yote matatu yamefunguliwa. Hapa hakuna udanganyifu: ni familia, ni furaha ya kweli, na ubao hausemi popote nani anaolewa na nani. Tena tutalipa. Nusu ni kulipa. Mwalimu amesoma kifungu mara mbili kwa miwani ya kawaida akitafuta kasoro. Hakuiona. Ameuliza tunaondoka saa ngapi. Shemeji ana seti ya sofa ya kuchukua mjini, amesema ikifunikwa kitambaa cheupe itakaa vizuri kwenye pikapu. Fundi cherehani atakata utepe na shela kesho Ijumaa saa kumi. Amesema kwenye harusi pia anajua kulia.

Msafara ni Jumamosi, 14 Machi, saa nne na nusu asubuhi, kutoka mlango mkuu wa hospitali.

Bibi harusi hajaarifiwa.